Nusu Nauli ya Mke wa Bosi

— Gari lako linabugia mafuta kama limetoka jela, Fundi! Treni ni nafuu!

— Nafuu kwa nani? Nauli wamepandisha juzi hao wakubwa wa reli, na wenyewe hawapandi treni. Wanatembelea magari ya bure!

Tulikuwa nje ya stesheni, mimi na Mama Mapazia, watu wanatutazama kama sinema. Mimi natengeneza makochi, yeye anauza mapazia mlango wa pili. Tangu nifiwe na mke wangu, ndiye wa kwanza kunifanya nichane nywele. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kwa mama yake nikatoe posa. Nimeliosha gari mpaka linang'aa, yeye kashikilia treni yake ya kila Jumamosi.

— Unahesabu mafuta tu. Tairi je? Breki je? Au gari lako linavaa ndala?

— Ngoja nikaulize dirishani, tumalize ubishi.

Akanidaka mkono.

— Usiulize! Tiketi nakata mimi.

Nikaenda. Karani akataja nauli, mara mbili ya ile aliyonitajia yeye. Kwa watu wawili, gari nafuu! Nikacheka kwa sauti, nikamwita aje asikie.

Karani akamwona, akachangamka.

— Shikamoo mama! Wewe si unalipa nusu, ile ya wake wa wafanyakazi wa reli? Mumeo, bosi wetu, hajambo?

Nikamgeukia.

— Bosi gani, Mama Mapazia? Uliniambia mliachana!

— Tumeachana! Anaishi na mwingine siku nyingi. Ila talaka sijaidai.

— Kwa nini?

— Mama anaumwa, Fundi. Kila wiki lazima nimwone. Nikiandikiwa talaka, nusu nauli imekwenda.

— Yaani umebaki mke wa mtu kwa ajili ya tiketi? Hawa watu! Wametuondolea mabehewa ya bei rahisi, wamefunga vyoo, sasa na mwanamke wangu wamemweka stoo!

— Mimi si behewa! Na ungekuwa na haya ungeuliza mama anaumwa nini.

Nikatoa funguo za gari.

— Mke wa mtu simpeleki kokote.

Akachukua simu, akamwandikia mumewe meseji, akanisogezea usoni. Mimi wa darasa la nne husoma polepole, ila hiyo niliisoma.

"Nipe talaka yangu. Nauli nitajilipia."

Jibu likaja palepale: "Umerogwa? Mama yako utamfuata kwa miguu?"

Akazima simu, akageukia dirisha.

— Moja. Nauli kamili.

— Lakini mama, wewe una...

— Sina. Kata tiketi.

Hakunitazama. Akaenda kukaa kwenye benchi peke yake, begi miguuni. Nikabaki nimesimama na funguo kama mlinzi wa geti. Mwisho nikapanga foleni, nikawapa wale wezi pesa yao, kamili.

Treni ikachelewa, wakubwa wamelala. Tulikaa benchi moja, yeye kule, mimi huku. Ilipoingia, akasimama.

— Posa mpaka talaka ije. Leo unakwenda kumsalimia mgonjwa tu. Umesikia?

— Nimesikia.

— Basi beba begi.