Msumari wa Sebuleni

Haya yalimpata rafiki yetu mmoja, fundi wa fremu, ambaye si mtu wa kuogopa kivuli chake. Aliitwa kwenye nyumba ya mzee marehemu aliyekusanya picha za kuchora maisha yake yote, na sasa wanawe walikuwa wakiigeuza kuwa makumbusho ya mji wao mdogo. Madirisha yalizibwa kwa mbao ili rangi zisichujuke kwa jua, hivyo hata saa sita mchana ndani kulikuwa giza totoro.

Binti mkubwa alimwambia aitoe sebuleni picha ya mzee mwenyewe, iliyotazama mlango, aipeleke chumba cha nyuma.

"Si mlisema mzee aliusia picha yake isitolewe pale?" fundi aliuliza.

"Alitaka amwone kila anayeingia. Lakini baba, Mungu amrehemu, hana kura tena."

Wakacheka. Fundi aling'oa msumari, akautia mfukoni, maana misumari ya zamani haipindi ovyo, kisha akaziba tundu kwa plasta. Katika chumba cha nyuma, binti akimmulikia tochi, alipigilia msumari mpya kwa mtindo wake wa siku zote: mapigo mawili mepesi, kimya kidogo, kisha moja zito.

Kutoka sebuleni, nyundo nyingine ikajibu. Mawili mepesi. Kimya. Moja zito.

"Nani mwingine yumo humu?" alinong'ona.

"Tuko wawili tu, kaka."

Walikwenda wameshikana mikono kama watoto. Plasta ilikuwa bado mbichi, na katikati yake umesimama msumari wa zamani. Fundi alipapasa mfuko wake, akaukuta mtupu. Kisha akaugusa ule msumari.

Ulikuwa wa moto, kama msumari uliotoka kupigwa nyundo sasa hivi.