Mpira wa Thadeo Haudundi

"Thadeo, mpira huo unaupeleka wapi?"

"Mazoezini."

"Kwa goti lipi?"

Thadeo alicheka, akaukumbatia mpira wake wa ngozi, akachechemea kuelekea kwenye kamba za kuanikia mkonge. Generoza alibaki na ndoo yake, udadisi ukimwasha. Tangu Pasaka ya mwaka huo wa sabini na nne, winga huyu wa timu ya shamba la mkonge Rudewa alipovunjwa goti, hajapiga hata danadana moja. Iweje mpira haumbanduki kwapani? Na tangazo lao la ndoa lilishasomwa kanisani mara mbili. Lilibaki la mwisho, Jumapili.

Akatua ndoo, akamfuata.

Alimkuta nyuma ya katani iliyoanikwa, amefungua kamba ya mpira, amevuta mdomo wa bladda, ule mfuko wa ndani, ananyonya. Harufu ya pombe ya gongo ilimaliza maelezo.

"Kumbe!"

"Goti linaniuma, Gene."

"Miezi minne? Usinidanganye."

Thadeo akaanza kulia. "Uwanja ndio unaniuma. Wakishangilia kule, naona kama wananizika."

Generoza aliumia, maana alimpenda mno. Hata hivyo jioni ileile alituma kijibarua:

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Naomba tangazo la tatu lisisomwe mpaka nije mwenyewe. Generoza."

Jumapili majina ya wengine yakasomwa, yao yakarukwa. Thadeo akamdaka nje ya kanisa.

"Umeniacha?"

"Sijakuacha. Naolewa na mtu, siolewi na gongo. Siku mpira huo ukidunda, nitakwenda kwa Padri."

Mara mbili Thadeo aliapa, mara mbili Generoza akauminya mpira na kusikia maji yakicheza ndani. Akaendelea kungoja. Watu walimcheka.

Alasiri moja ya Novemba alikuwa akipepeta mahindi uani kwa mama yake. Du! Du! Mpira ukaruka ua, ukatua katikati ya ungo.

"Shikamoo, mama!" Thadeo aliita kutoka nje, akaingia akichechemea.

"Marahaba. Mahindi yangu hayo!"

Generoza aliuokota, akauminya, akaunusa. Ngozi tu.

"Nani kaujaza upepo?"

"Mapafu yangu. Naifundisha timu sasa, nimekaa kwenye kigoda."

"Na goti?"

"Linauma. Leo nimelia uwanjani, na wenzangu wote wameniona."

Generoza aliudundisha mara moja, asikie mwenyewe. Kisha akajifunga khanga vizuri.

"Shika mpira wako. Twende kwa Padri kabla hajatoka."