Mwizi wa Nguo za Dobi

Kila asubuhi dobi alikuwa wa kwanza kufungua bomba la ua. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni, sare za wanafunzi na mashati ya makarani. Kufikia saa nne kamba zote tatu zilikuwa zimejaa. Kazi ilimvunja mgongo, lakini ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake mzee.

Kisha nguo zikaanza kupotea. Jumatatu shati. Alhamisi mashuka mawili. Wateja wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Dobi akaenda kwa muuza nyama, kiongozi wa kikundi cha ulinzi wa mtaa. Kikundi kiliundwa kwa sababu unga, yaani dawa za kulevya, ulikuwa ukiuzwa mtaani kama karanga. Lakini walinzi hawakuwahi kumgusa muuzaji. Waliwakamata watumiaji tu, wakawachapa.

"Ni mateja hao," muuza nyama alisema. "Wanaiba wapate unga."

"Mkimkamata huyo mwizi, msimwonee huruma," dobi alisema. "Mtieni adabu mpaka akome."

"Hilo tuachie sisi, mama."

Siku ya tatu, mchana kweupe, dobi alisikia kelele uchochoroni. Akatupa sabuni, akakimbia huku moyo umejaa furaha. Watu walikuwa wamezunguka. Katikati amelala mwanamume, kakumbatia shuka la nyumba ya wageni. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti.

"Dada," alisema yule mtu. "Waambie basi waache."

Alikuwa mdogo wake, fundi redio.

Dobi alijua kwamba mdogo wake anatumia. Alijua tangu alipoanza kuuza vifaa vyake vya kazi kimoja kimoja. Kwa aibu, watu wakimuuliza mbona mdogo wake kakonda, alijibu kuwa ana vidonda vya tumbo.

"Umemvunja mdogo wangu!" alimpigia kelele muuza nyama.

"Mama, si wewe uliyesema tusimwonee huruma?"

Dobi alipiga magoti, akamwekea mdogo wake kanga chini ya kichwa.

Jirani yao, nesi wa zahanati, ndiye aliyeufunga mguu kwa vibao na kutafuta gari la kwenda hospitali. Kesho yake alikaa na dobi kwenye kibaraza.

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Ningeanzaje? Nilidhani akipata kipigo kimoja kizuri ataacha."

"Kipigo hakiondoi ugonjwa. Akikosa unga mwili mzima unamuuma, anatapika, halali. Ndiyo maana anaiba. Ipo dawa ya kunywa. Atakunywa kila siku mbele yetu zahanati, mpaka mwili utulie. Lakini si ya wiki moja. Ni safari ndefu, na anahitaji mtu wa kumsindikiza."

Jumapili nesi aliomba nafasi kwenye mkutano wa kikundi.

"Unga mnaupinga kwa fimbo," alisema. "Niambieni, anayeuza ni nani?"

 Muuza nyama akajikuna shingo. "Mwenye duka la vipodozi. Kila mtu anajua."

"Mbona hamjamgusa?"

"Tunamwogopa. Mateja hawana wa kuwatetea."

Dobi alisikia maneno hayo yakimchoma kama maji ya moto.

"Basi wekeni fimbo chini," nesi alisema. "Kazi yenu ni kuona na kutoa taarifa. Tembeeni wawili wawili. Andikeni siku, saa, na pikipiki inayoleta mzigo. Msimvamie muuzaji, ana watu wake. Pelekeni taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, naye afiche majina yenu. Mtumiaji mkimkuta, mleteni kwetu."

Walifanya hivyo kwa wiki sita. Dobi naye aliandika, akiwa nyuma ya mashuka yake, kwa maana kamba zilitazamana na mlango wa duka. Siku ya siku polisi walikuja na kibali. Walimkuta mwenye duka na unga ndani ya makopo ya mafuta ya nywele. Duka likafungwa. Watumiaji tisa wakaanza dawa.

Nguo hazikuibiwa tena. Fundi redio aliongezeka mwili, akarudi kwenye redio zake. Ila mguu uliunga vibaya. Daktari alisema hautanyooka.

Aliyemsindikiza zahanati kila asubuhi alikuwa muuza nyama. Alijitolea mwenyewe. Walitembea polepole, yule na mkongojo, huyu pembeni.

Asubuhi moja muuza nyama alisimama mlangoni kwa dobi.

"Mama, nimekuja mara ngapi kukuomba msamaha?"

"Nyingi."

"Na hunijibu."

Dobi alikamua shati mpaka vidole vikauma.

"Fimbo ulishika wewe," alisema. "Aliyekutuma ni mimi. Nitakusamehe vipi, nami sijapata wa kunisamehe?"

Ndani, mdogo wake alikuwa akitafuta kiatu cha mguu mbovu.

"Mwahishe," dobi alisema. "Dawa inatolewa saa mbili."