Upande wa Kulia Kwanza

Alhamisi ile nilirudi kutoka duka la vifaa Ufukoni na mpira mpya wa bomba, jua likiwa limebakiza kama nusu saa kuzama. Nilitaka hadi Magharibi niwe nimejua kwa nini mashine ya kuoshea vyombo inalia.

Ilikuwa mashine kuukuu. Niliinunua kwa mgeni mmoja wa kazi za gesi aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, kwa sababu mikono ya mke wangu, Hafsa, ilikuwa ikichubuka kwa sabuni. Siku tulipoishusha, mama yake mdogo, Bi Mwanakombo, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema nimemletea mwanawe mke mwenza wa bati. Hafsa akamjibu kwamba huyu angalau anafanya kazi.

Hafsa alifariki siku sitini na mbili kabla ya Alhamisi hiyo.

Mimi ni mhandisi wa mitambo. Kelele ina chanzo. Mashine ikisaga, kuna kitu kimeingia kwenye pampu. Ikigonga, mkono unaorusha maji unagusa chombo. Ikivuma tu, maji hayafiki. Hii haikuwa hata moja kati ya hizo. Ilikuwa sauti ya maji yanayomwagwa kidogo kidogo, kisha kimya, kisha tena...

Nilifunga mlango wa jikoni nisikie vizuri. Nikatoa vyombo vilivyokuwamo: sahani moja, kikombe kimoja na bakuli jeupe la bati. Nikaviweka mezani. Nikasafisha kichujio, nikabadili mpira, nikaung'oa mkono wa maji. Kisha nikaiwasha ikiwa tupu.

Maji mara tatu. Kimya.

Mara tatu tena, upande uleule wa kulia.

Nikaitambua.

Bi Mwanakombo ndiye huosha maiti za wanawake mtaani kwetu Likombe. Siku ya msiba alinijia barazani, akaninong'oneza kwamba mume anaruhusiwa kumwosha mkewe. Nikasema siwezi. Nilikaa nje ya dirisha nikasikiliza maji. Kulia kwanza, kisha kushoto. Majani ya mkunazi, na mwisho kabisa kafuri, ambayo nilikuwa nimeinunua kwa mkono wangu. Baada ya kafuri ni sanda.

Kwa kina Hafsa, bakuli lililomwagia maiti maji halirudi jikoni. Huwekwa kaburini. Bi Mwanakombo alililaza kifudifudi barazani ili alipeleke kesho yake. Asubuhi halikuwapo. Aliniuliza, nikasema sijaliona. Ndilo lililomgusa Hafsa mara ya mwisho. Tangu siku hiyo nililiosha kila jioni pamoja na sahani yangu.

Nikachomoa waya ukutani.

Sauti haikukoma.

Nikaenda mlangoni. Kitasa kilizunguka vizuri, lakini mlango haukusogea. Nilisukuma kwa bega, kisha kwa mguu. Bawaba zilikuwa upande wa nje. Dirisha lina nondo, nilizipima na kuzichomelea mwenyewe. Nikiwa bado nimeegemea mlango, nilisikia harufu ya mkunazi... na maji ya uvuguvugu yakanitiririka kutoka utosini, upande wa kulia, hadi kwenye unyayo.

Nilitazama juu. Dari ilikuwa kavu.

Bakuli mezani lilikuwa limejaa.

Halafu likawa tupu.

Mara ya pili. Mara ya tatu. Sikupiga kelele. Nilisimama nikihesabu, kwa kuwa sikujua la kufanya.

Bi Mwanakombo huniletea chakula kila Alhamisi. Nilisikia ndara zake uani, zikasimama chini ya dirisha.

"Mkwe," alinong'ona. "Unamwosha nani humo?"

"Ni mashine, mama."

"Mashine haianzi upande wa kulia."

Nilimwomba avute mlango. Akazunguka, akavuta, akasoma kitu kwa sauti ya chini, akavuta tena. Kitasa kilizunguka mkononi mwake kama kilivyozunguka mkononi mwangu. Aliporudi dirishani, maji yalinishukia begani.

Bega la kushoto.

Na ikaja harufu ya kafuri.

"Bakuli liko wapi, baba?"

"Nilikuambia sikuliona."

"Sikukuuliza uliniambia nini."

Nililichukua. Lilikuwa na joto, joto la kitu kilichotoka mkononi mwa mtu sasa hivi. Nikalipitisha kiubavu kati ya nondo. Bi Mwanakombo akalishika upande wake, na vidole vyangu havikufunguka. Nilielewa wazi kwamba nikilibakiza sitatoka jikoni nikitembea. Bado sikuliachia. Nilishakataa kumgusa Hafsa mara moja.

"Mwache aende," alisema. "Kafuri unayoinusa si yake. Yake tuliimaliza yote."

Nikaachia.

Mlango ukafunguka taratibu, wenyewe. Mashine ikanyamaza.

Bi Mwanakombo alilifunga bakuli katika mtandio, akaenda nalo makaburini papo hapo, ingawa adhana ilikuwa imeshaanza. Aliporudi nilimuuliza nani alikuwa akinimwagia maji. Alilipapasa shati langu. Kulia lilikuwa limelowa chapachapa, kushoto bega tu. Akasema hajui. Alichojua, kwa miaka yote ya kazi yake, ni kwamba mwoshaji akianza hamwachi mtu nusu. Akakataa kuzungumza zaidi, na chakula alichokileta akakimwaga.

Kesho yake niliifungua mashine hadi parafujo ya mwisho. Pampu ilikuwa kavu. Haikuwa na hitilafu yoyote. Wanunuzi wa vyuma chakavu wameshaichukua. Maji ya nyumbani nimeyafunga kwenye mita. Naoga na kutawadha msikitini, mahali penye watu.

Jana kabla ya swala ya Ijumaa niliketi bombani katikati ya wenzangu. Nikanawa mkono wa kulia mara tatu hadi kiwikoni. Nikafunga bomba ili nikunje shati mkono wa kushoto.

Ulikuwa umeshalowa.

Mzee aliyeketi karibu nami alinusa hewa. Akaniuliza kwa upole kama ninatoka mazikoni.

Nikamjibu hapana.