Mpaka Uliozaliwa Katikati ya Nyota

Mvua ya Kisangani haipigi hodi. Ilipomwagika juu ya soko kuu, Larissa, msichana mrefu mwenye kitenge cha manjano, alijitupa chini ya mwavuli wa Bonheur, fundi cherehani, akamkanyaga kidole.

"Pardon, papa!"

"Papa? Miye mutoto wa juzi! Kwa hiyo kidole, ulete nguo nikushonee."

Larissa akacheka. Kweli alihitaji robe, gauni la heshima: alikuwa anamaliza masomo ya fizikia, na siku ya kutetea kazi yake mbele ya jury ya maprofesa ilikaribia. Bonheur akampima mabega mara mbili, kisha akamwomba namba ya simu.

Toka hapo simu zao hazikupumua.

"Bébé, niambie kitu," Bonheur aliomba jioni moja.

Larissa, kichwa kimejaa masomo, akamwaga yote: "Nyota kubwa ikiishiwa moto, inajiangukia yenyewe. Alors, mupaka yenye kitu kikivuka hakirudie inazaliwa katikati kabisa, kidogo kama ncha ya sindano, inapanuka. Inje bado inangaa, kumbe ndani kulishaisha. Mwenye iko ndani hasikie kitu. Kurudi hakuna tena."

Réseau ya simu ilikuwa mbovu, ikakatakata maneno. Bonheur aliambulia mkia tu: ndani kulishaisha, kurudi hakuna. Akazima simu, moyo ukimvuja. Hakupokea tena.

Larissa akamfuata sokoni, macho mekundu.

"Bonheur, nilikukosea nini?"

"Si weye ulisema ndani kulishaisha?"

Larissa akamkodolea, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Eh Nzambe! Nilikuwa nasema nyota! Trou noir, shimo jeusi ya kule juu!"

Bonheur akainamia cherehani kwa haya. "Basi miye niko kama mwenye aliangukia mu hiyo nyota. Nilishaingia kwako, siwezi kutoka."

"Aa-a! Kule hata mwangaza hautoke, hauna namna. Miye nataka mutu mwenye anaweza kutoka, na anabakia."

"Nitabakia," akasema, na hakutania.

Siku ya jury, robe ya buluu ilimkaa Larissa kama ngozi.

"Huo mpaka unaacha kukua lini?" profesa aliuliza.

"Ukikosa kitu cha kuanguka ndani, unatulia. Kikianguka kingine, unakua tena."

Makofi! Nje, marafiki wakammwagia poda ya pongezi, vigelegele vikiruka.

"Robe yangu!" Bonheur alilia, naye mweupe mpaka nyusi.

"Dimanche, kisha misa, unanisindikiza Yanonge, kule ku mto, kwa mama," Larissa akamwambia.

"Nimupelekee nini? Samaki iko nayo."

"Umupelekee ile maneno unaogopaka kuniambia."

Akayasema palepale, maneno ya kumwoa, kwa sauti, poda ikimwingia mdomoni. Hajafika nusu, Larissa alishaitika.