Mume Aliyesema Basi

— Mwanangu anaongeza mke, na wewe ndiye utakayempokea mwenzio mlangoni!

Mama mkwe aliyasema hayo akimenya viazi jikoni kwa mkunga, tena kwa kisu cha mkunga mwenyewe. Jamani, kuna watu hawana haya!

Mkunga ndiyo kwanza ametoka zamu, kwenye wodi ambako akina mama hulala wawili wawili kitandani, mmoja kichwani, mwenzake miguuni. Amechoka hoi.

— Watoto wawili tu, basi umefunga duka! Kutwa unazalisha wenzio, wewe je?

— Muulize mwanao, mama.

— Mwanangu ana kosa gani? Posa nimeshapeleka!

Mkunga akauma mdomo. Siri ilikuwa ya mumewe, seremala. Baada ya kusali pamoja na kukubaliana kwamba kutosheka nako ni ibada, yeye ndiye aliyekwenda hospitali kufunga uzazi. "Wewe umepasuliwa mara mbili," alimwambia mkewe. "Sasa zamu yangu." Mkunga alimpenda siku ile kuliko siku ya harusi. Ila mbele ya mama yake, bwana huyo huwa bubu.

Akaingia chumbani, akamwandikia mumewe kwenye simu:

"Mama amekuposea mke. Njoo useme ukweli mwenyewe. Ukinyamaza, nachukua wanangu naondoka. Sitatukanwa kwa siri yako."

"Mke wangu, presha yake itapanda!"

"Na yangu je?"

Haukupita muda, seremala huyo mlangoni, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Alimtazama mkewe, akamtazama mama yake.

— Mama, huyo binti usimponze. Hatapata mtoto kwangu. Nimefunga uzazi.

— Umefanya nini? Mwanangu umelishwa nini wewe!

— Sijalishwa kitu. Nimeamua. Bomba la uani maji ni ya kugombania. Mwanangu darasani anakaa chini kwa kukosa dawati. Nizae tu ili nihesabiwe?

— Kila mtoto huja na riziki yake!

— Riziki anatoa Mungu, mama, na akili ametoa yeye. Sisi tulikuja tisa, sufuria ikabaki ileile. Ulikuwa unatuambia umeshiba. Ulikuwa umeshiba kweli?

Mama akaweka kisu chini. Mkunga alijiandaa kwa laana, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. Akausogeza mkono wake ukashika wa mumewe.

— Mimba ya mtoto wa sita niliililia — mama akasema polepole. — Nililia chooni, nisisikike. Baba yenu hakuwahi kuniuliza kama nimechoka. Mimi nikadhani ndivyo wanaume walivyoumbwa.

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akamgeukia mkunga.

— Nawe unatukanwa miezi yote hii, umenyamaza tu?

— Ilikuwa siri yake, mama. Nilitaka aiseme yeye.

— Una roho ngumu, binti yangu. Nisamehe.

Akapekua mkoba, akatoa simu, akapiga palepale mbele yao.

— Haloo, shoga? Ile posa naiondoa... Hapana, binti yako hana kasoro, mzuri sana... Kosa ni langu, shoga. Mwanangu ana mke.