Samadi Iliyopanda Lori

Kila Jumamosi asubuhi Mishi alifagia boma la kondoo mpaka udongo ukabaki mtupu. Alizaliwa Majengo, Nyeri mjini, na mama yake alimfunza kwamba uchafu wa mlangoni ni aibu ya mwenye nyumba. Alipohamia nje ya Doldol, mji mdogo wa nchi kavu, na mumewe Harun kufuga kondoo, ufagio haukumtoka mkononi. Samadi yote aliijaza kwenye magunia. Mzee Wambugu, mkulima wa Giakanja, alikuja na lori kuinunua, ikaenda kunenepesha viazi vyake. Miaka tisa ikapita hivyo.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha vizuri, nyasi zikafika magotini. Harun alifurahi kama bwana arusi. Lakini furaha yake haikumaliza mwezi. Kondoo walijaza matumbo na bado mbavu zao zilihesabika. Majike walizaa, chuchu zikawa kavu. Kila asubuhi Mishi aliokota mwanakondoo aliyekufa, akaenda kumfukia. Kondoo wakubwa nao wakaanza kuanguka. Kati ya arobaini, wakabaki saba.

"Dawa ya minyoo nimewapa mara mbili," Harun alisema. "Nyasi iko mingi hivi, na kondoo inakufa njaa? Mama Ummi, sisi tumerogwa."

Binti yao Ummi alikuwa ameacha kuwapa wanakondoo majina, na hilo ndilo lililomuumiza Mishi zaidi.

Siku tatu baadaye alikuja Phelister, afisa wa mifugo. Kwao ni Busia, na Doldol nzima ilimwita daktari. Aliwafunua kondoo macho, akaangalia mavi yao, kisha akauliza, "Ukiwafungulia, wanakimbilia wapi?"

"Pale," Mishi akaonyesha. "Kulikuwa na boma ya watu wa zamani, walihama kabla tuje. Hapo nyasi ni fupi sana. Lakini hawa wanapita hii ndefu yote, ati wanaenda kung'ang'ania hiyo fupi."

"Kondoo si wajinga," Phelister alisema. Aling'oa unyasi mmoja mrefu. "Mama Ummi, unga ukiwa kibaba kimoja na wageni wakiongezeka, unafanya nini na uji?"

"Naongeza maji."

"Uji unakuwa mwingi. Watoto wanashiba?"

"Tumbo inajaa tu. Nguvu hakuna."

"Basi nyasi yako ni huo uji." Phelister akachuchumaa. "Magari, viwanda, misitu inayochomwa, vyote vinatoa hewa ya ukaa. Inaongezeka kila mwaka, dunia nzima. Majani yanakula hewa hiyo, kwa hivyo mvua ikinyesha yanarefuka haraka. Lakini naitrojeni haijaongezeka. Hicho ni chakula cha udongo, ndicho kinajenga nyama na maziwa. Huku kwetu kukavu kilikuwa kidogo tangu zamani. Tena mizizi ikiongezeka, vijidudu vya udongo vinapata cha kula. Vinazaana, vinashikilia hata ile naitrojeni kidogo iliyoko. Nyasi inarefuka na njaa yake."

"Sisi hata baiskeli hatuna," Harun alisema kwa uchungu. "Moshi ni ya watu wengine, na kondoo inayokufa ni yangu?"

"Ni kweli, Baba Ummi. Hiyo hewa siwezi kukutibia. Sitakudanganya."

Mishi aliuliza, "Na hiyo naitrojeni kidogo ya hapa, inaenda wapi?"

Phelister aliyatazama magunia yaliyopangwa kando ya lango. "Kondoo anakula shamba lote mchana. Usiku anakuja kuiacha hapa bomani, ndani ya mavi yake. Wewe unaifagia, inapanda lori."

Mishi alikaa chini pale pale alipokuwa. Miaka tisa ya kufagia. "Kumbe ni mimi," alisema.

"Si wewe pekee. Kuna hewa, kuna ukame, kuna kulisha mahali pamoja. Lakini hii ya samadi iko mikononi mwako. Usiuze tena. Mwaga hayo magunia shambani. Kila baada ya wiki mbili hamisha boma, kondoo walale mahali penye udongo uliochoka. Mkitoka, zungushia miiba, nyasi ziote. Watu wa ile boma ya zamani walihama, samadi ikabaki. Ndiyo maana kondoo wanapakumbuka."

"Itachukua muda gani?"

"Misimu miwili ya mvua, pengine mitatu. Hawa waliobaki siwezi kukuahidi."

Harun hakungoja. Alirudi Nyeri mjini kukata nyama katika bucha ya mtu mwingine. Mishi alibaki na Ummi na kondoo saba. Alihamisha boma peke yake, miiba ikamchana mikono. Jirani walicheka, "Mishi wa Majengo siku hizi hafagii!" Wakafa wanne tena. Kuna siku alimuuliza Mungu kama anamwona.

Msimu wa kwanza hakuona kitu. Wa pili, pale boma lilipokuwa, nyasi zilitoka za kijani kilichokolea. Alipoondoa miiba, kondoo watatu walienda hapo wenyewe.

Mzee Wambugu alikuja na lori. "Mama, viazi yangu inakufa. Ati hata gunia moja hakuna?"

"Hakuna, mzee. Ya hapa inalala hapa."

Lori likageuka tupu.

Wiki hiyo jike mmoja alizaa. Jioni Harun alipiga simu. Siku hizo hakuuliza habari za kondoo, aliogopa. Mishi akamwambia mwenyewe, "Ile ya kahawia imezaa."

Harun akauliza, "Kamekufa saa ngapi?"

"Hakajakufa. Kananyonya."

Kwenye simu alisikia mtu mzima analia. Mishi akainama, akaisogeza simu karibu na kondoo ili Harun asikie mwenyewe.